KUFUNDISHA AKIBA YA NISHATI KATIKA SHULE YA MSINGI: MIFANO KUTOKA MAGU NA MWAMBAO WA ZIWA

Utangulizi

Miongoni mwa mada za sayansi zinazomsumbua mwalimu anayeanza kazi, mada ya nishati haikosi. Nishati haishikiki wala haionekani. Kinachoonekana ni kazi yake tu. Mwalimu huandika ubaoni kwamba nishati ni uwezo wa kufanya kazi, watoto huyanakili maneno hayo, kengele inalia, na kipindi kimekwisha. Siku ya mtihani maneno yale yale hurudishwa kwa mwalimu kama yalivyotoka kwake. Lakini mtoto huyo huyo, akirudi nyumbani na kukuta taa ya sola imefifia saa mbili usiku kabla hajamaliza kazi yake ya shule, hajui la kusema. Hapo ndipo tunapoweza kupima kama somo lilifundishwa au lilisomwa tu.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu mwanafunzi kufundisha sehemu moja ya mada hiyo, yaani namna nishati itokanayo na jua na maji inavyowekwa akiba ili ipatikane wakati inapohitajika. Tumechukua mifano yetu Wilaya ya Magu, kwenye Ghuba ya Speke, na sehemu nyingine za mwambao wa Ziwa Viktoria, kwa kuwa ndiko wengi wetu tunakokwenda kwa mazoezi ya kufundisha. Mwalimu aliye mahali pengine atafute mifano ya kwao. Njia ni ile ile.

Shida yenyewe ni nini?

Magu iko karibu sana na ikweta. Mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, na jua huchwa yapata saa moja jioni. Kwa hiyo saa zile ambazo familia inahitaji taa ndizo saa ambazo jua halipo. Mchana nao una mawingu yake, hasa katika miezi ya mvua. Upepo nao hauna ahadi na mtu, na mto hujaa masika ukapungua kiangazi. Ni kweli kwamba nishati za namna hii haziishi kama yanavyokwisha mafuta ya taa katika chupa, lakini haziji kwa saa tunazozitaka sisi. Bila ghala, nishati ya jua ni kama mavuno yaliyoachwa shambani: ni mengi siku ya kuvuna, na njaa inabaki pale pale.

Wazee wa Usukuma waliijua shida hii katika chakula, nao waliitatua. Viazi vitamu havikai muda mrefu vikiisha kuchimbwa. Kwa hiyo hukatwa na kuanikwa vikawa michembe, au huchemshwa kwanza, vikakatwa na kuanikwa vikawa matobolwa. Vikikauka huwekwa, na familia huvila miezi ambayo shamba halina kitu. Dagaa wa ziwani nao huanikwa wakati wa jua ili waliwe wakati wa mvua. Mtoto wa Magu anayafahamu haya kabla hajaanza darasa la kwanza. Mwalimu asitafute mfano wa mbali ilhali huu umo jikoni mwa kila mwanafunzi wake.

Mambo ambayo mwalimu sharti ayajue kwanza

Mwalimu hawezi kutoa asichokuwa nacho. Kabla ya kuandaa somo, yafuatayo na yaeleweke barabara.

La kwanza, ghala halizalishi. Kihenge hakioti mtama, na betri haitengenezi nishati mpya. Kinachotoka kwenye akiba ni kile kilichoingizwa, tena kimepungua kidogo. Betri ya risasi na asidi ikiingiziwa sehemu 100 za nishati hurudisha takriban 80. Zinazobaki hugeuka joto. Wanafunzi wakiliweka jambo hili moyoni watakuwa wamepata nusu ya somo zima.

La pili, maji yaliyo juu ni akiba ya nishati. Bwawa la Mtera, katika Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa Dodoma na Iringa, lilikamilika mwaka 1980. Kazi yake ya kwanza haikuwa kuzalisha umeme palepale, bali kutunza maji ya masika ili kituo cha Kidatu, kilichoanza mwaka 1975 na kilicho chini zaidi ya mto, kipate maji hata kiangazi. Kituo cha Mtera kwenyewe, chenye megawati 80, kilikuja baadaye, mwaka 1988. Basi Mtera lilijengwa kuwa kihenge, na Kidatu ndiyo jiko. Ukame wa mwaka 2005 na 2006 ulipolishusha maji yake, nchi iliingia katika mgawo wa umeme. Ghala lolote lina kikomo, lisipojazwa, huisha.

Ziwa letu nalo ni ghala la namna hiyo. Maji yake hutokea Jinja, nchini Uganda, kwenye bwawa lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale. Eneo la ziwa ni karibu kilometa za mraba 68,800. Maana yake ni kwamba ziwa likipungua kwa meta moja tu, limepoteza maji ya meta za ujazo bilioni 69 hivi. Kati ya mwaka 2004 na 2006 ziwa lilishuka sana. Ukame ulikuwa sababu mojawapo, na sababu nyingine ni kuwa vituo vya Jinja vilipitisha maji kuliko kiasi kilichokubaliwa. Miaka ya baadaye mvua zilirudi, na mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kufunika mashamba na nyumba za ufukweni. Hapa mwanafunzi ataona jambo ambalo vitabu vya sayansi hulisahau: ghala likiwa la wengi, namna ya kulitumia si suala la mitambo tu, bali ni la mapatano baina ya majirani.

Ziko nchi zinazotumia umeme wa ziada kupandisha maji kwenye bwawa la mlimani, kisha huyateremsha wakati umeme unapohitajika. Kituo cha Drakensberg, Afrika Kusini, kimefanya kazi hiyo tangu mwaka 1981.

La tatu, betri huhifadhi nishati kwa njia ya kemia. Betri ya risasi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, ina bamba za risasi na za oksaidi ya risasi zilizozama katika asidi ya salfuriki iliyozimuliwa. Chumba kimoja hutoa volti 2 hivi. Vyumba sita vikiunganishwa hutoa volti 12. Betri inapotumika, bamba zote mbili hugeuka kidogo kidogo kuwa salfati ya risasi na asidi huwa nyepesi. Inapochajiwa, mambo hurudi nyuma yakawa kama mwanzo. Lakini ikiachwa tupu kwa majuma, salfati hiyo huganda na kuwa ngumu, isikubali kurudi. Hiyo ndiyo sababu betri nyingi vijijini hufa mapema: humalizwa hadi tone la mwisho, kisha hukaa hivyo hivyo. Betri ya gari huumia upesi zaidi, kwa kuwa bamba zake ni nyembamba. Imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi wa kuwasha injini, si kumulika nyumba usiku kucha.

Taa ndogo za sola na simu za mkononi hutumia zaidi betri za lithiamu. Hizi ni nyepesi na hutunza nishati nyingi kwa uzito mdogo. Wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019 kwa kazi yao ya kuziendeleza.

Mfano wa matumizi uko jirani. Kisiwani Ukara, Wilaya ya Ukerewe, kijiji cha Bwisya kilifungiwa mwaka 2016 mtambo mdogo wa umeme wa jua wenye betri, pamoja na jenereta ya dizeli ya kusaidia. Wavuvi wa dagaa nao, ambao huvua usiku usio na mwezi, zamani walitumia karabai za mafuta ya taa. Sasa wengi wao hutumia taa za umeme zinazopata nguvu kutoka kwenye betri, na nyingine huchajiwa kwa jua. Dagaa anayevuliwa kwa taa ya namna hiyo amevutwa na mwanga wa jua la jana mchana.

Maandalio ya somo

Somo hili linafaa darasa la tano au la sita, katika vipindi vitatu.

Madhumuni: Mwishoni mwa somo mwanafunzi aweze (a) kueleza kwa maneno yake kwa nini nishati ya jua inahitaji akiba, (b) kuonyesha kwa jaribio kwamba akiba hutoa kile tu kilichoingizwa, (c) kupanga na kufanya jaribio la haki ili kupima dai, (d) kukadiria akiba inayotosha nyumba moja, na (e) kutaja hatari za betri na namna ya kujikinga nazo.

Zana: makopo matatu, mawili madogo na moja kubwa, msumari, kikombe, maji, tochi moja, betri kavu za tochi zilizochoka, jozi tatu, kopo la bati lenye kifuniko, michembe au dagaa wakavu kidogo. Vyote hivi hupatikana bila fedha au kwa fedha kidogo. Mwalimu asiyeweza kufundisha mpaka aletewe kabati la maabara atangoja sana.

Kipindi cha kwanza: Kopo lenye tundu

Anza kwa kuonyesha michembe. Waulize wanafunzi kwa nini hutengenezwa, lini, na huliwa lini. Majibu yao yaandikwe ubaoni kwa safu mbili: «Wakati wa kupata» na «Wakati wa kuhitaji». Usilitaje neno nishati bado.

Kisha toboa makopo yote karibu na kitako kwa msumari mmoja, ili matundu yalingane. Mwanafunzi mmoja ashike kikombe cha maji juu ya kopo dogo la kwanza. Mwalimu akisema «Jua!», amimine, akisema «Wingu!», aache. Wengine waangalie tundu. Wataona kwamba wakati wa jua kopo hufurika na maji humwagika bure, na wingu likidumu kidogo tundu hukauka. Rudieni kwa kopo kubwa, kwa amri zile zile na kikombe kile kile. Safari hii maji ya tundu yataendelea kutoka hata wakati wa wingu.

Sasa waulize: Je, kopo kubwa limeongeza maji? Wengi watasema ndiyo, kwa sababu wameona maji yakitoka muda mrefu zaidi. Usiwakatize. Wahesabu vikombe vilivyoingia, kisha wakinge na kupima yaliyotoka. Watagundua wenyewe kwamba kopo halikuongeza hata tone. Limebadilisha wakati tu. Watoto wenye macho makali watatambua pia kwamba mchirizi hupungua nguvu kadiri maji yanavyoshuka. Wapongeze, na uwakumbushe tochi inavyofifia betri zinapoelekea kuisha.

Malizia kwa kurudi kwenye safu mbili za ubaoni, na sasa uandike chini yake: jua, mto, upepo, taa, redio, simu. Neno nishati liingie hapa, likiwa na kitu cha kusimamia.

Kipindi cha pili: Betri zilizoanikwa juani

Hiki ndicho kipindi ambacho mwalimu atajaribiwa. Katika vijiji vyetu betri za redio na tochi zikichoka huanikwa juani, na zikirudishwa huwaka tena kwa muda. Mtoto atasema: «Mwalimu, betri zimekula jua.» Mwalimu asiyejiandaa atamjibu kwamba huo ni ujinga. Atakuwa amekosea mara mbili: amekana jambo ambalo mtoto amelishuhudia kwa macho yake, na amemfundisha kwamba sayansi ni kumwamini mwenye chaki.

Dai hilo na lipimwe. Chukua jozi tatu za betri za aina moja zilizochoka kwa kiasi kimoja. Jozi ya kwanza ikae kivulini. Jozi ya pili ianikwe juani wazi. Jozi ya tatu iwekwe ndani ya kopo la bati lililofunikwa, kisha kopo lenyewe liwekwe juani, ili betri zipate joto bila kuona mwanga. Baada ya saa mbili, kila jozi itiwe kwenye tochi ile ile, na wanafunzi waandike ni dakika ngapi tochi imewaka. Kabla ya kupima, kila kundi litabiri matokeo na litoe sababu.

Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

Mwalimu: Kama betri hula mwanga wa jua, jozi ipi haitafaidika?
Mwanafunzi: Ya ndani ya kopo, Mwalimu, kwa kuwa iko gizani.
Mwalimu: Na ikiwaka kama ile iliyoanikwa wazi?
Mwanafunzi: Basi si mwanga. Ni joto.

Maelezo kwa mwalimu ni haya. Betri kavu imefungwa ndani ya ganda. Haina njia ya kupokea mwanga na kuugeuza nishati. Joto huharakisha mabadiliko ya kikemia kwa kile kidogo kilichobaki ndani. Hata kupumzika tu huisaidia kidogo, ndiyo maana jozi ya kivulini nayo huweza kuwaka kwa muda mfupi. Kwa hiyo jua halikujaza ghala. Limekung'uta kihenge kupata punje za mwisho. Paneli ya sola ndiyo inayogeuza mwanga kuwa umeme, na betri ya kuchajiwa ndiyo inayoweza kuupokea.

Matokeo yasipolingana na matarajio, mwalimu asiyabadili. Pengine betri hazikuwa zimechoka sawa. Aulize darasa, jaribio lipangwe upya. Onyo: betri zisiwekwe motoni wala kwenye majivu ya moto, maana huweza kupasuka.

Kipindi cha tatu: Hesabu ya nyumba moja

Kipindi hiki kinaunganisha sayansi na hisabati. Chukueni nyumba yenye taa tatu za wati 5 kwa saa 4 (wati-saa 60), redio ya wati 5 kwa saa 4 (wati-saa 20), na simu mbili za wati-saa 10 kila moja (wati-saa 20). Jumla ni wati-saa 100 kwa siku.

Swali la kwanza: Betri ya ukubwa gani inatosha kuvuka siku mbili za mawingu mazito? Siku mbili ni wati-saa 200. Ili betri ya risasi isiumie, tutumie nusu yake tu; basi iwe ya wati-saa 400. Kwa volti 12, 400 kugawanya kwa 12 ni ampea-saa 33 na kidogo. Wanunue ya 40.

Swali la pili: Paneli iwe ya wati ngapi? Tuchukulie jua kali la saa 5 kwa siku. Kwa kuwa betri hurudisha 80 tu katika 100, lazima iingizwe wati-saa 125 ili zipatikane 100. Paneli ya wati 25 itatosha kwa siku za kawaida. Lakini mawingu yakipita, paneli hiyo haitakuwa na ziada ya kuijaza betri iliyopungua. Ya wati 40 huingiza wati-saa 200, yaani ziada ya 75 kila siku. Kurudisha zile 200 zilizotumika kunahitaji kuingiza 250, na 250 kugawanya kwa 75 ni siku tatu na kitu. Hapo wanafunzi watafahamu kwa nini nyumba nyingine hupata mwanga hafifu juma zima baada ya mvua ya siku mbili, na kwa nini kuongeza televisheni bila kuongeza paneli ni kuifisha betri.

Kwa wanafunzi wepesi, ongeza hili. Tani moja ya maji, yaani madebe 50, ikipandishwa meta 10 hutunza nishati ya karibu wati-saa 27, ya kuwasha taa moja ya wati 5 kwa saa tano na kidogo. Betri ya simu ya mkononi yenye wati-saa 15 hutunza zaidi ya nusu ya hizo. Waulize: Basi kwa nini mabwawa hujengwa makubwa kiasi kile?

Tahadhari kwa watoto

Sehemu hii isiachwe kwa kisingizio cha muda. Betri ya risasi ina asidi inayounguza ngozi na macho, na inapochajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayoweza kulipuka. Kwa hiyo ikae mahali penye hewa, mbali na moto. Risasi yenyewe ni sumu, na mtoto hudhurika kuliko mtu mzima kwa sababu huharibu ubongo unaokua. Kuyeyusha betri chakavu ili kupata vipande vya kufungia nyavu au kuuza si kazi ya uani. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu iliirejesha hukumu hiyo Desemba 2024. Fedha hulipwa, akili ya mtoto iliyopotea hairudishwi kwa hukumu.

Betri za lithiamu zisitobolewe, zisipondwe, wala zisitupwe motoni. Betri zote zilizokwisha zisitupwe ziwani wala kisimani. Zikusanywe kwenye chombo kikavu, mbali na watoto wadogo, mpaka zipelekwe kwa wanunuzi wa chakavu wenye kibali.

Upimaji

1. Juma anasema betri yao mpya «inazalisha umeme mwingi kuliko ya zamani». Msahihishe kwa upole, ukimpa mfano.
2. Taja ghala mbili za nishati zisizo betri, na ueleze hujazwa na nini.
3. Nyumba inatumia wati-saa 60 kwa siku. Betri ya volti 12 ya risasi iwe ya ampea-saa ngapi ili ivuke siku mbili bila jua, kwa kutumia nusu yake tu?
4. Katika jaribio la betri za kuanika, kopo la bati lilikuwa na kazi gani?
5. Kazi ya nyumbani: Waulize wazazi betri ya nyumbani au ya jirani ilidumu muda gani, na ilitunzwaje. Andika sentensi tano.

Swali la tano litatuletea darasani habari ambazo mwalimu hanazo. Lakini mtoto ambaye kwao hakuna sola asifanywe aone haya. Aandike kuhusu tochi, au kuhusu kihenge cha bibi yake. Kihenge nacho ni jibu sahihi.

Hitimisho

Tumeona kwamba somo la akiba ya nishati halihitaji mitambo ya gharama. Linahitaji kopo, msumari, betri chakavu, na mwalimu aliye tayari kusikiliza madai ya watoto na kuyapima pamoja nao. Familia ya mkulima au mvuvi ikinunua betri hutoa fedha za pamba au za dagaa wa miezi mingi. Ikiharibika kwa kutojua, nyumba hurudi gizani na mtoto hukosa saa zake za kusoma. Mwanafunzi wa darasa la sita aliyefundishwa vizuri anaweza kulizuia jambo hilo kwao mwaka huu huu, bila kungoja awe mhandisi.

Tunawaomba walimu wanafunzi watakaolijaribu somo hili katika mazoezi ya kufundisha waandike matokeo yao, hasa ya jaribio la jozi tatu, na kuyaleta chuoni tuyajadili pamoja.